Mgongo wa Kafi

Kama mgongo wako unauma, na kila unayemwambia anasema ni kazi, au ni baridi, au ni godoro, nisikilize kidogo kabla hujamlipa mtu akukanyage. Mimi nilimlipa. Nililala kifudifudi kwenye mkeka, mzee wa watu akapanda juu yangu kwa nyayo zake zote mbili, akatembea polepole kutoka kiunoni hadi mabegani huku akiongea na mke wake habari za mboga. Kitu kikalia ndani ya mgongo wangu. Akasema, "Umesikia? Hiyo ndiyo ilikuwa imejifunga." Kesho yake asubuhi mguu wangu wa kushoto ulikataa kuvaa kiatu.

Naitwa Wandera. Naishi Busia mjini, upande wa Kenya, na kazi yangu ni kuwatembeza watu mtoni kwa mitumbwi na kayaki. Si kuvua, wala si kuvusha magendo kama askari walivyodhani tulipoanza. Ni matembezi. Mimi na rafiki yangu Ojiambo tulifungua njia ya maji katika mto Sio, kutoka daraja moja huku juu hadi pale mto unapoingia ziwani, na tukaweka vituo vya kupumzikia vyenye alama za bati zilizopakwa rangi ya manjano. Kule chini ukingo mmoja ni Kenya na wa pili ni Uganda, na mgeni hupenda sana kuambiwa hivyo. Asichokiona mgeni ni kazi ya panga. Kila mvua ikipita mafunjo huziba njia, miti huanguka, na usipowahi kuikata, mto hujifunga kana kwamba hukuwahi kupita hapo.

Sisi wapiga kafi, lile kasia fupi la mkononi, tuna imani yetu moja, na ndiyo iliyokaribia kuniua. Tunaamini kuna mgongo wa kafi, na kwamba mgongo wa kafi hutibiwa na kafi. Ukiumwa hupumziki. Unapiga zaidi, mpaka mgongo wenyewe uchoke kuuma.

"Boss, ukilala tu hiyo mgongo inakufunga," Ojiambo aliniambia. "Mimi yangu iliisha nikipeleka wale watu wa Eldoret. Piga."

Nikapiga. Ilikuwa kiangazi, maji ni machache, na mimi kwa asili si mtu wa kukaa. Mke wangu Amoit husema nilizaliwa nikiwa nimesimama. Basi nilipiga kafi kiangazi chote huku nikimeza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, na usiku nikilowesha shuka kwa jasho. Kamba za jaketi langu la kuokolea nilizikaza, nikazikaza tena, nikamlaumu aliyeshona. Siku moja nilipanda kutoka mtoni na mgeni akaniita, "Mzee, umeacha sandali." Nilitazama chini. Mguu mmoja ulikuwa mtupu na mimi sikuwa nimesikia kitu. Badala ya kwenda hospitali, nikaenda kukanyagwa.

Hospitalini nilijifunza kwamba ugonjwa ni kungoja. Unangoja kadi, unangoja daktari, unangoja eksirei, kisha unaambiwa picha hiyo haitoshi, nenda Kisumu ukapigwe kubwa. Kwa mtu kama mimi benchi lilikuwa adhabu kuliko sindano. Sikuweza kukaa kwa maumivu, na kusimama miguu ilikuwa imeanza kutetemeka. Siku ya pili watu wa kwenye benchi, ambao hatujuani hata kwa sura, walitazamana, wakainuka wote, wakakaa chini kwenye saruji ili mimi nilale. Mama mmoja aliyebanwa na kikohozi alikunja sweta yake akaniwekea kichwani. Nililia, na sioni haya kuliandika.

Daktari alikuwa mwanamke asiyezungusha maneno. "Ni TB," alisema. "Imeshika mifupa ya mgongo."

"TB si ya kifua?"

"Hata mfupa inashika. Sasa unalala. Dawa utameza mwaka mzima, na ukiruka tunaanza upya."

"Na kafi nitashika lini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hakiuzwi. "Wacha kwanza tuone kama utatembea," akasema.

Toka siku hiyo sikuwaza jambo jingine. Watu walikuja na maombi, na uji, na habari za siasa, na mimi nilikuwa nawatazama miguu. Niliwaonea wivu kwa kuingia mlangoni tu.

Nilirudishwa nyumbani na mkanda mgumu wa mgongo na mfuko wa vidonge. Wiki ya kwanza mkojo ulitoka na rangi ya soda ya machungwa, nikadhani navuja damu, nikapiga kelele hadi jirani akaja. Ikiwa wewe ndiyo kwanza unaanza, usiogope, ni dawa. Kichefuchefu pia ni dawa. Hasira, sijui. Hasira labda ni yangu mwenyewe.

Familia ilianza kupasuka taratibu. Shangazi yangu wa Nambale alikuja kumchukua binti yetu Nekesa, eti akakae kwake mpaka hali itulie. Nesi alikuwa ametueleza kwamba TB ya mfupa haiambukizi kwa kukaa pamoja, lakini shangazi alisikiliza yote, akaitikia kwa kichwa, kisha akafunga sanduku la mtoto. Amoit alikuwa na kibanda cha chakula Malaba, pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka, na asingeweza kukifunga, maana ndicho kilichobaki kutulisha. Alikuwa anatoka alfajiri na kurudi giza likiingia. Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, na dada zangu wameolewa mbali. Nani angekaa na mtu mzima asiyeweza hata kwenda choo peke yake?

Amoit aliliona jibu kabla yangu, na kwa muda akaogopa kulitaja. Kisha akalitaja. "Nitamwita mama."

Wasomaji wa kwetu wameshashika kichwa. Kwa wasiojua: huku kwetu, kwa Waluhya na kwa Wateso vilevile, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja. Ukimwona njiani unampisha. Ndiyo heshima yenyewe. Na sasa mwanamke huyu atoke Kocholia aje kuniuguza mimi, mkwe wake, nikiwa nimelala kama gunia?

Alikuja. Alifika na kuku na Biblia, akasimama nje ya mlango akiwa ameupa mgongo, akasema, "Yoga, Baba Nekesa," ndiyo salamu ya Kiteso, halafu akaanza kupanga. Usiku atalala kwa jirani, mama wa kanisani. Mchana atakuwa upande wa sebuleni. Kati ya kitanda changu na yeye alining'iniza leso mbili zilizounganishwa kwa pini. Chakula alikiweka kwenye kigoda, akakisukuma chini ya leso kwa mti wa ufagio, akaondoka, ndipo mimi nikakivuta. Mambo mengine ya mwili yalimngoja Ojiambo, ambaye alipita asubuhi na jioni, Mungu ambariki.

Tuliishi hivyo mvua za Aprili zote. Mimi nilikuwa upande huu natazama bati, na kichwani nasafisha mto. Nilianza darajani, nikapita kila kona, nikakata kila funjo, nikifika ziwani narudi juu kuanza tena. Miguu ilikuwa dhaifu lakini roho haikutulia hata nukta. Yeye alikuwa upande ule, anachambua mboga na kunisema kupitia leso.

"Baba Nekesa, umemeza?"

"Nimemeza, mama."

"Zote?"

"Zote, mama."

Akaendelea na mboga. Kisha, "Lakini hii kazi yenu mimi sijaelewa. Mtu mzima anaingia kwa mtumbwi, anapiga maji siku mbili, anatoka bila hata samaki moja. Na amelipa!"

"Anatazama ndege, mama."

"Kwao hakuna ndege?"

Nilicheka hadi mgongo ukaniadhibu. Ndivyo alivyonivusha miezi ile, ingawa wakati huo nilidhani ananiudhi tu. Sala zake zilikuwa ndefu. Alimweleza Mungu ugonjwa wangu wote kuanzia kwenye mkeka, kana kwamba Mungu hakuwepo.

Halafu ikaja ile alasiri ya mvua. Ojiambo alikuwa amechelewa, nami nilikuwa nimechoka kungoja watu wanipeleke choo. Nilijiambia kwamba miguu inadeka tu, inahitaji kulazimishwa. Mawazo yaleyale ya mgongo wa kafi. Nikafunga taulo, nikashika fimbo, nikajikokota kwa kushika ukuta hadi mlango wa nyuma, nikapiga hatua mbili uani. Miguu ikaondoka kama si yangu. Nilianguka kwenye matope, fimbo huku, taulo kule, mvua inanipiga, na sikuweza hata kujifunika kwa mkono kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa inaushikilia mgongo.

Niliita. Mvua kwenye mabati ilimeza sauti. Niliita tena, akatokea mama mkwe mlangoni. Aliona, akageuka papo hapo akautazama ukuta. Akaanza kuita majirani kwa sauti ambayo sikujua anayo. Hakuna aliyesikia. Akaita tena. Nilikuwa natetemeka meno.

Nakumbuka alisema neno moja kwa Kiteso, fupi, la hasira. Kisha alifungua leso ya kiunoni, akaja kinyumenyume, akanirushia bila kutazama. Akanishika kwapani. Alikuwa amefumba macho kabisa, uso ameuelekeza juu kwenye mvua, na hivyo hivyo akaniburuta hadi ndani, akanipandisha kitandani, akanifunika blanketi. Mikono yake ilikuwa na nguvu. Amoit aliporudi, leso zilikuwa bado zinaning'inia lakini mama yake alikuwa ameshaenda kwao.

"Nilikwambia umngoje Ojiambo!" Amoit alifoka. "Ulikuwa unataka kuonyesha nani?"

"Nilikuwa nataka kwenda choo."

"Sasa mama atawaangaliaje watu kwao? Amekushika, Wandera! Amekushika!"

Wiki mbili hatukusemezana ila habari ya dawa. Niliumia kwa mengi mwaka ule, lakini usiku wa siku ile ya kuanguka ndio mrefu kuliko yote niliyolala. Sikuwa mume wa kutunza mke, wala baba wa mtoto aliyekuwa Nambale, na sasa hata ukwe nilikuwa nimeuvunja. Ojiambo na ami yangu walipeleka mbuzi na vitenge Kocholia, kama inavyotakiwa kusafisha jambo la namna hiyo. Mama mkwe alipokea, akawapa chai, akauliza kama nameza dawa. Hakurudi. Lakini kila wiki boda boda alileta kibuyu cha maziwa ya mgando, bila ujumbe wowote.

Amoit akafunga kibanda kwa muda. Tulikula mihogo. Ojiambo alikuwa anapeleka wageni peke yake na kuniletea hesabu ya miti iliyoanguka, nami nikimwelekeza kutoka kitandani aikate upande gani, jambo ambalo halikumfurahisha.

Tangu siku ile ya matope miguu ilikuwa haisogei kabisa. Wakati wa kuvuna mahindi, kidole gumba cha mguu wa kulia kilisogea. Nilikitazama bila kupumua. Nikakiamuru tena, kikasogea. Nilimwita Amoit kwa sauti iliyomfanya aangushe sufuria. Alikuja, akaona, akakaa kitandani akalia akiwa ameshika kile kidole, tukasameheana hapo bila kuomba radhi. Jumapili iliyofuata alikwenda Nambale akamrudisha Nekesa, na shangazi hakubisha.

Baada ya hapo ni mazoezi. Mwalimu wa viungo alinifanya niokote kitambaa kwa vidole vya miguu mpaka nikamchukia. Mvua fupi za Oktoba zilinikuta nimekaa. Krismasi nilisimama nimeshika meza. Kiangazi kilinikuta na magongo mawili, kisha moja. Kwenye benchi la kuchukulia dawa, ambako watu hukaa wakiangalia pembeni wasijulikane, nilianza kuwasalimu wapya na kuwapisha walale. Ukifika hapo na wewe, pisha mtu. Na kama mgongo unakuamsha usiku na jasho linakutoka, usiulize wapiga kafi. Nenda kapimwe.

Mwaka ulipotimia, daktari yule yule aliangalia picha mpya kwa muda mrefu. "Mtoni unaweza kwenda," alisema. "Lakini usibebe kitu, usiwe peke yako chomboni, na usiende mbali. Miguu bado haijaiva."

Amoit akataka tumshukuru mama yake. Mama akakataa katakata kuingia kwenye ile nyumba, mbuzi au si mbuzi. Ndipo Amoit akasema tukutane mtoni, nje, mahali pasipo na paa la mtu. Tukaenda sote asubuhi moja, mto umejaa vizuri baada ya mvua. Mama mkwe alisimama mbali na mimi, amegeukia upande, akitazama mtumbwi wetu wa viti viwili.

"Watu wanakaaje hapa?" alimwuliza Ojiambo.

"Wa mbele anaangalia mbele, mama. Wa nyuma pia anaangalia mbele."

"Wa mbele haoni wa nyuma?"

"Haoni. Isipokuwa ageuke, na akigeuka mnapinduka wote."

Mama mkwe alicheka, kwa mara ya kwanza mbele yangu bila leso katikati. Kisha, kabla yeyote hajamshauri, akavaa jaketi la kuokolea juu ya gomesi yake, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, akashikwa mkono na Amoit, akaketi kiti cha mbele. Hajui kuogelea. Sikumwelewa alivyothubutu. Ojiambo alinisaidia kuketi nyuma, akatusukuma, akachukua kayaki yake akakaa karibu nasi. Amoit akaondoka na vyakula kwa barabara ili akatungoje kwenye kituo cha kwanza.

Nilitia kafi majini. Mgongo uliuliza swali, nikaujibu polepole. Chombo kikaenda. Sijui niseme nini zaidi. Kikaenda, na mimi ndiye niliyekuwa nakiendesha.

Mafunjo yalipita. Mbele yangu kilemba chake hakikugeuka hata mara moja.

"Mama," nikasema, "sijawahi kukushukuru. Ile siku."

Tulipita kona kwanza. "Ulikuwa mwepesi," alisema. "Mwanaume mzima, mwepesi hivyo. Nililia nikienda nyumbani. Si aibu. Watu walidhani ni aibu. Nilijua nikirudi nitakuta msiba, nikaogopa kurudi."

Nilipiga kafi.

"Hapa ni pazuri," akasema baadaye. "Lakini hata hivyo mngebeba nyavu."

Kituoni mikono yangu ilikuwa imekwisha na mapaja yanatetemeka. Chombo kiligusa mchanga. Amoit alimshusha mama yake, naye akapanda ukingoni na kunipa mgongo kama kawaida. Ojiambo aliweka kayaki pembeni, akaja mbio ameshanyoosha mikono anibebe.

"Mwache," mama mkwe alisema bila kugeuka.

"Mama, hii miguu yake bado..."

"Nimesema mwache. Baba Nekesa, shuka."

Niliinua mguu wa kulia, nikauvusha ubao, nikautia majini. Baridi ilinishika hadi kwenye kifundo, na nikaisikia yote. Nikaleta wa kushoto. Ulikawia, ukaja. Nikashika ubao, nikanyooka, nikauacha ubao. Maji yakanipita miguuni.

"Ameshuka?" aliuliza.

"Ameshuka, mama," Amoit akajibu. "Amesimama."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa. Akachukua sahani yake ya chakula, akaifunika kwa leso, akaenda kukaa nyuma ya kichaka, mbali kabisa nisipoweza kumwona akila, kama inavyompasa mwanamke mbele ya mkwe wake aliye mzima.